Binti yetu kiziwi kapata chuo, lakini kitabu kinamshinda

Mwalimu, salaam.

Mimi ni baba wa watoto watatu. Wa pili ni binti wa miaka 19, kiziwi tangu kuzaliwa, ingawa sisi tulikuja kujua akikaribia miaka mitatu. Kabla ya hapo tulidhani ni mtoto mkimya tu. Lugha ya alama aliipata alipoanza shule, akiwa na miaka sita. Mimi nikajifunza kwake taratibu, kaka yake na mdogo wake wanaiweza vizuri kuliko mimi, mama yao anajua kidogo, ya kuulizana kula na kulala.

Shuleni kafanya vizuri. Hesabu ndiyo usiseme. Sasa kapata nafasi ya kusomea kazi za maabara chuoni, na nyumba nzima tulifurahi. Kabla ya masomo kuanza, chuo kikawapa wanafunzi wapya mtihani wa kupima uwezo wa kusoma. Majibu yake yanasema anasoma kwa kiwango cha mtoto wa darasa la tano, na anashauriwa kuanza na kozi ya kusoma na kuandika kabla ya masomo yenyewe.

Binti kakasirika. Anasema kusoma anajua, simu haimtoki mkononi, kutwa anaandikiana na wenzake. Mimi nikampa sura ya kwanza ya kitabu cha baiolojia. Akaipitia haraka haraka, akaniambia kaelewa yote. Nikamuuliza maswali mepesi, akabaki ananitazama. Hapo ndipo nilipoogopa, Mwalimu. Si kwamba hakuelewa. Ni kwamba alidhani kaelewa.

Nikuambie pia kwamba tangu sekondari mimi ndiye ninayemsomea vitabu. Nasoma sura, namwandikia muhtasari wa ukurasa mmoja kwa maneno rahisi, yeye anasoma huo. Nadhani ndivyo alivyofaulu.

Ndugu yetu mmoja ambaye ni mwalimu anasema lugha ya alama ndiyo iliyomharibia kusoma, kwa kuwa haina sarufi, kwa hiyo tuiache na tumzoeze kusoma midomo. Mama yake anaona heri aachane na chuo akajifunze ufundi, asije akaumia bure. Na jambo la mwisho: ana rafiki yake mwenye usikivu hafifu, anavaa shimesikio, anaongea vizuri tu. Huyo naye kapata majibu karibu sawa na yake, na kwao wanamwambia ni mvivu.

Je, aende kwenye hiyo kozi? Niendelee na muhtasari? Na alama tuziache?

Baba Aliyekwama

*

Baba Aliyekwama, salaam nawe.

Nianze na huyo ndugu yenu, maana katika yote uliyoandika, ushauri wake ndio wenye madhara zaidi. Tena ni ushauri mkongwe. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia, karibu wote wakiwa watu wanaosikia, wakapitisha azimio kwamba viziwi wafundishwe kwa kutamka na kusoma midomo, alama ziondolewe darasani. Shule nyingi duniani zikafuata, na watoto wakakatazwa kutumia mikono yao. Mwaka 2010 mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi ulipokaa Vancouver, Kanada, ukayakataa maazimio yale na kusikitikia madhara yake. Miaka 130! Kuhusu sarufi, William Stokoe aliyekuwa akifundisha Gallaudet, chuo cha viziwi kilichopo Washington tangu 1864, alichapisha uchambuzi mwaka 1960 ulioonyesha kwamba lugha ya alama ya Marekani ina mpangilio wake kamili kama lugha yoyote. Na wachunguzi waliofuata wakaona hivyo hivyo katika lugha za alama za nchi nyingine.

Kusoma midomo nako mjaribu mwenyewe huyo ndugu. Asimame mbele yako, aseme bila sauti: baba, papa, mama. Midomo inafunga na kufunguka vilevile mara zote tatu. Sauti nyingine hutengenezwa kooni au nyuma ya ulimi, hazionekani kabisa. Asomaye midomo hukamata vipande, vinavyobaki hubahatisha kutokana na lugha aliyo nayo tayari kichwani. Ukimfundisha lugha kwa njia inayomtaka awe anaijua kwanza, umemzungusha tu.

Kwa hiyo alama msiziache. Ningependa kuona mama yake anatoka kwenye kula na kulala anafika kwenye kubishana, lakini hilo nitalirudia.

Sasa tuje kwa binti mwenyewe. Shida yake haikuanza kwenye kitabu. Mtoto anayesikia anapofungua kitabu cha kwanza, lugha iliyo ndani yake anaijua. Anachojifunza ni kuitambua kwenye karatasi. Binti yako alifika darasani akiwa na miaka sita bila lugha yoyote iliyokamilika, akaanza kujifunza mambo mawili kwa mkupuo: lugha yenyewe, na maandishi ya lugha nyingine kabisa. Usilichukue hili kama lawama. Zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, na wengi wa wazazi hao hawajawahi kukutana na kiziwi kabla ya mtoto wao. Nyumba yenu ni kama nyumba nyingi.

Mtafiti Rachel Mayberry na wenzake waliandika jambo mwaka 2002 ambalo kila mzazi wa mtoto kiziwi angepaswa kuambiwa hospitalini. Waliwalinganisha watu wazima viziwi. Waliopata lugha mapema, iwe ya alama au ya kusema kabla hawajaziwika, walijifunza lugha ya pili vizuri hata walipoianza wakubwa. Waliokaa utotoni bila lugha walipata shida katika lugha yoyote iliyokuja baadaye, ya alama na ya maandishi. Lugha ya kwanza ndiyo inayobeba ya pili. Mwaka 2011 Mayberry na wenzake tena wakakusanya tafiti 57 za usomaji wa viziwi na kuuliza ni nini kinachomtofautisha msomaji mzuri na dhaifu. Ujuzi wa sauti za maneno ulieleza asilimia 11 ya tofauti hizo. Uwezo wa lugha kwa jumla, ukiwemo wa lugha ya alama, ulieleza asilimia 35. Mwonyeshe huyo ndugu.

Kuhusu hilo neno darasa la tano, usilibebe kama hukumu. Kule Marekani, vipimo vya taifa vya mwaka 1996 vilionyesha kwamba nusu ya wanafunzi viziwi wa miaka 17 na 18 walikuwa katika kiwango cha darasa la nne au chini ya hapo, na takwimu za miongo iliyotangulia hazikuwa mbali na hizo. Binti yako hayuko peke yake, na katika kundi lake hayuko mkiani. Halafu kipimo cha namna hii huchanganya mengi: kasi, msamiati, mambo anayoyajua kuhusu mada, na umbo la sentensi, kisha kinatoa namba moja. Mtu wa miaka 19 anayefanya hesabu za sekondari hana akili ya darasa la tano. Ombeni chuo kiwaonyeshe alikosa maswali ya aina gani, kwa sababu hapo ndipo kazi ilipo.

Nikikisia kwa kuwa nimefundisha viziwi, nitaanza na umbo la sentensi. Mpe hii, umwambie akujibu kwa alama: «Daktari aliyemtibu mwalimu alihamishwa.» Nani kahamishwa? Wengi hujibu mwalimu, kwa sababu neno mwalimu limekaa ubavuni mwa alihamishwa. Mpe nyingine: «Mgonjwa alipimwa na muuguzi baada ya kuletewa dawa.» Nani kapima, nani kaletewa? Lugha yetu huficha mambo makubwa ndani ya silabi ndogo. Alipima, alipimwa, alimpimia, alipimiwa: herufi mbili tatu zinageuza nani kafanya na nani kafanyiwa. Kwa anayesikia, silabi hizo zimemwingia tangu akiwa mgongoni kwa mama. Kiziwi anazikuta kwenye karatasi tu, na macho yake yanakimbilia mzizi anaoujua, pima, kisha anaunda maana kwa kufuata mpangilio wa maneno. Katika miaka ya 1970 Stephen Quigley na wenzake walichunguza jambo hili kwa wanafunzi viziwi wa Kiingereza wakakuta vikwazo ni hivyohivyo: sentensi za kutendwa, sentensi iliyobebwa ndani ya nyingine, na viwakilishi visivyosema wazi vinamrejelea nani. Vitabu vya chuo vimejaa sentensi hizo. Sampuli huwekwa, huchujwa, hupashwa moto, na mtendaji hatajwi popote.

Ndiyo maana simu haimsaidii sana kwa hili. Anaandika na kusoma kwa simu kutwa, sawa, na nisingependa aache. Lakini ujumbe wa marafiki ni mfupi, una picha, unahusu jambo ambalo wote wawili wanalijua. Kitabu cha maabara hakimjui.

Msamiati nao una mtego wake. Binti yako anajua neno kazi, anajua neno nguvu. Akifungua kitabu cha fizikia, kazi ni nguvu mara umbali, na mtu aliyesukuma ukuta siku nzima bila ukuta kusogea hajafanya kazi hata kidogo. Neno analolijua kwa maana moja linamdanganya zaidi ya lile asilolijua kabisa, maana hili la pili angalau litamsimamisha. Watafiti wa msamiati wanasema anayesoma lugha ya pili anahitaji kuyajua kama asilimia 98 ya maneno ya ukurasa ili aelewe bila msaada, yaani neno moja geni katika kila 50. Chukua ukurasa wowote wa kitabu chake, mwambie apigie mstari asiyoyajua, kisha na yale anayodhani anayajua muulize maana yake pale pale lilipo. Mtahesabu wote wawili.

Nimefika kwenye lile lililokuogopesha, la kudhani kaelewa. Una haki kuogopa, ila usilione kama kiburi wala uongo. Marc Marschark na wenzake, katika taasisi ya ufundi ya viziwi iliyoko Rochester, Marekani, wamewachunguza sana wanafunzi viziwi wa chuo. Waliona kwamba wengi hukadiria uelewa wao juu kuliko ulivyo. Waliona na jingine lililowashangaza wengi: wanafunzi hao walipopewa somo kwa maandishi walijifunza sawa au zaidi ya walipopewa somo lilelile kupitia mkalimani. Kwa hiyo ukurasa si adui wa pekee. Kinachopungua ni tabia ya kujikagua, kusimama na kusema hapa nimepotea, na tabia hiyo hujengeka kwa mtoto aliyekuwa akiulizwa na kuuliza, akibishiwa na kueleza tena. Mtoto ambaye mezani anaambiwa «nitakueleza baadaye» huzoea kupata nusu ya habari na kuiona ndiyo habari nzima. Nusu ndiyo kipimo anachokijua cha kuelewa.

Kwa sababu hiyo, baba, muhtasari wako uache. Ninajua umeutolea usiku mwingi, na pengine bila huo asingefika hapa. Lakini tazama kazi iligawanyika vipi: kutafuta jambo kuu, kuacha yasiyo na uzito, kuunganisha aya na aya, kung'amua mwandishi anataka kusema nini, yote hayo ulifanya wewe. Wewe ndiye uliyekuwa ukizidi kusoma vizuri. Yeye alipokea matokeo. Chuoni vitabu vitakuwa vingi kuliko usiku wako, na istilahi nyingine hata wewe huzijui.

Badala yake, uhamishe msaada wako uwe kabla ya kusoma na baada ya kusoma, usiwe katikati. Kabla: kaeni robo saa mkizungumza kwa alama kuhusu mada. Kama ni damu, damu ina nini, inapimwa kwa nini, yeye anajua nini, angependa kujua nini. Tazameni vichwa vidogo, michoro, majedwali. Anayefungua kitabu akiwa na habari kichwani husoma sentensi ngumu kwa urahisi ajabu, kwa sababu nusu ya maana anayo tayari. Kisha mwache asome peke yake, mbali nawe. Baada: afunge kitabu akusimulie kwa alama, aya kwa aya. Usiulize umeelewa? Swali hilo lina jibu moja tu duniani. Muulize nani kafanya nini, kwa nani, kwa sababu gani, kabla au baada ya nini. Mahali atakaporuka au atakapozungusha mikono kwa maneno ya jumla, hapo ndipo ufungue kitabu pamoja naye mtafute ile silabi iliyomponyoka. Mwanzoni ataona unamsumbua. Baada ya muda aanze kufanya mwenyewe, ajisimulie mbele ya kioo au ajirekodi kwa simu, aya ikimshinda kuisimulia airudie kabla hajaendelea. Hii ni kazi ya polepole na ukurasa mmoja unaweza kula jioni nzima. Muhula mmoja hautoshi, nisikudanganye.

Istilahi zisizo na alama azitahajie kwa vidole, herufi moja moja, na akikubaliana na mkalimani au wenzake juu ya alama fulani, aendelee kuandika tahajia yake pembeni. Nimeona wanafunzi wanaobeba alama nzuri sana ya neno wasilolitambua likiandikwa kwenye mtihani.

Kozi ya kusoma? Jibu langu linategemea kilicho ndani yake, na hili ulizeni kabla ya kusaini chochote. Kama ni kozi ya kutamka silabi na kusoma kwa sauti, iliyotengenezwa kwa wanaosikia waliochelewa kusoma, hiyo itamla muda na kumdhalilisha, kateni. Kama anayefundisha anaijua lugha ya alama, au kuna mkalimani kila kipindi, na matini wanayosoma ni ya masomo halisi ya chuo, aende. Kilicho bora zaidi, kama chuo kinakubali, ni aisome sambamba na masomo machache ya fani yake badala ya kusubiri nje mpaka ahesabiwe kuwa tayari. Mtu husoma kwa bidii kile anachokihitaji, na binti wa maabara anahitaji kujua kwa nini sampuli iliganda. Hadithi za kozi za kusoma, zile za sungura na fisi walizowekewa watu wazima, sina la kusema juu yake.

Kuna jambo chuo huwa hakilioni mpaka kiambiwe. Kiziwi ana njia moja ya kupokea, nayo ni macho. Mhadhiri akisema «tazameni jedwali» huku akiendelea kueleza, binti yako atachagua: jedwali au mkalimani. Akiandika noti, mkalimani kampita. Kwa hiyo aombe slaidi na matini kabla ya kipindi, na aombe mtu wa kumwandikia noti. Wakisema watamwekea maandishi yanayotokea kwenye skrini mhadhiri anapoongea, ni jambo jema, ila mwongeaji wa kawaida wa Kiingereza, kwa mfano, hutoa maneno kama 150 kwa dakika na maandishi hukimbia kwa kasi hiyo hiyo. Kwa msomaji ambaye bado anajengeka, hayo peke yake hayachukui nafasi ya mkalimani. Aombe nakala abaki nayo aisome jioni. Muda wa ziada kwenye mitihani nao aombe bila aibu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 24, unazitaka nchi wanachama kuhakikisha marekebisho yanayofaa hadi elimu ya juu. Barua ya maombi aiandike yeye. Wewe isome ukiombwa tu.

Huyo rafiki yake, tafadhali, wapelekeeni kwao haya. Mwenye usikivu hafifu huteseka kwa sababu anaonekana hana tatizo. Anaongea, anaitika, anacheka wenzake wanapocheka. Shimesikio huongeza sauti, lakini halisafishi maneno kama miwani inavyosafisha herufi, na kwenye ukumbi wenye mwangwi huongeza kelele pia. Silabi ndogo zisizo na mkazo ndizo za kwanza kumpotea, na ni hizo hizo nilizozitaja juu: akisikia alipim..., mwisho wake anaukisia. Amejenga lugha yake kwa miaka juu ya makisio hayo, halafu kitabu kinataka uhakika. Jioni anakuwa amechoka kwa kutega sikio, hata nguvu za kusoma hazipo, na kwao wanaita uvivu. Naye aombe noti, slaidi na nafasi ya kukaa mbele. Wasome pamoja na binti yako, kwa kusimuliana. Makosa yao hayafanani, na watashikana mikono.

Binti, najua barua hii baba atakuonyesha, kwa hiyo hii aya ni yako. Umekasirika kwa kuitwa darasa la tano, na mimi ningekasirika. Lakini kasirikia ile namba, usikasirikie ukurasa. Nathalie Bélanger, Keith Rayner na wenzao walipima mwendo wa macho ya wasomaji viziwi waliobobea, wakaona kwa mtazamo mmoja hudaka herufi nyingi zaidi kuliko wasomaji wanaosikia wa kiwango kilekile. Macho yaliyozoea kuona mikono, uso na chumba kizima kwa pamoja yana faida yake kwenye mstari. Kasi unayo tayari, baba kaiona. Unachohitaji ni breki. Ukifika mwisho wa aya na mikono yako haina cha kusema, hujaisoma bado. Na soma pia vitu vyepesi unavyovipenda, vingi, michezo, mapenzi, umbea wa watu maarufu, chochote, bila kusimulia wala kuulizwa na mtu.

Nimebakiwa na mama. Hofu yake naielewa, kamwona mtoto akiumia mara nyingi kuliko sisi tulioandikiana barua. Namkumbusha Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyeziwika akiwa na miaka 11. Shule aliyoruhusiwa kusoma haikumpa elimu ya kumfikisha chuo, akajiendeleza kwa masomo ya posta, na mwaka 1954 akawa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu Gallaudet. Baadaye alianzisha shule zaidi ya 30 za viziwi barani Afrika. Foster alikuwa na lugha kabla ya kuziwika na binti yenu hakuwa nayo, kwa hiyo silinganishi safari zao. Nasema tu kwamba mlango uliofungwa kwa cheti dhaifu umewahi kufunguliwa kwa kusoma ukubwani.

Na ufundi si mahali pa kukwepea kusoma. Fundi umeme husoma michoro na maonyo, mshonaji husoma vipimo na mikataba, fundi magari siku hizi husoma vitabu vinene kuliko vya mwanasheria. Kama binti anautaka ufundi, aende akiwa anautaka. Hilo katika barua yako yote sijaona mahali alipoulizwa. Aulizwe, kwa lugha ya alama, mama akiwepo, na mama ndiye aanze kuuliza swali hilo kwa mikono yake.

Mwalimu